Msimbo wa QR kwenye biashara ndogo: kuutengeneza, kuubandika na kuulinda

Maswali kuhusu msimbo wa QR, ule mchoro wa vijiraba unaosomwa kwa kamera ya simu, ni yale yale. Nitengeneze wapi? Kuna malipo? Mbona nimebandika na hakuna anayeskani? Mbona mwezi uliopita ulifunguka na sasa umegoma? Mwongozo huu unakujibu wewe mwenye mgahawa, saluni, duka la nguo, kibanda cha juisi au cherehani, yaani biashara ambayo mteja anasimama mbele yako. Mifano mingi ni ya Tanzania. Ukiwa Nairobi au Mombasa hatua hazibadiliki, isipokuwa kwenye malipo, na hapo nitasema.

Nianze na la malipo, maana ndilo linalowatisha wengi. Msimbo wenyewe ni bure. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso, kwa kazi ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, na wenye hataza waliamua kutowadai watumiaji. Kwa hiyo ukikuta tovuti inakutoza ada ya kila mwezi ili msimbo wako usizimike, kuna jambo la kuelewa kwanza. Tutalikuta kwenye hatua ya 4.

Jambo jingine: mteja hatoi simu mfukoni kwa sababu ameona mchoro ukutani. Anaitoa akishajua atapata nini, na kwamba ni haraka kuliko kukuuliza. Karibu kila kosa nitakalolitaja hapa chini linatokana na kusahau hilo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Simu janja yako, na simu nyingine mbili za kuazima kwa majaribio. Moja iwe ya bei ya chini, yenye kamera hafifu. Wateja wako wengi wanazo hizo.
- Namba ya WhatsApp ya biashara. Isiwe namba ya binti wa kaunta, kwa sababu siku akiacha kazi ataondoka nayo.
- Akaunti ya Google ya biashara, na nenosiri lake limeandikwa mahali unapopajua.
- Lipa Namba (Tanzania) au Till (Kenya) iliyosajiliwa kwa jina la biashara, kama unataka kupokea malipo.
- Rula, na hela kidogo ya kuprinti stesheneri.

Hatua kwa hatua

1. Chagua kazi moja. Msimbo mmoja, kazi moja. Menyu, au oda ya WhatsApp, au miadi ya kusuka, au maoni, au malipo. Kuna kaunta zenye misimbo sita imepangwa kama stempu: Instagram, TikTok, Wi-Fi, menyu, malipo, maoni. Mteja akiiona hiyo anaacha yote. Jiulize ni swali gani unaulizwa mara nyingi zaidi kwa siku. Kama ni "Leo kuna nini?", anza na menyu. Kama ni "Kusuka twende kilioni bei gani?", anza na orodha ya bei na picha za mitindo.

2. Andaa mahali mteja atakapofikia. Hapa ndipo pengi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuseme umepiga picha menyu yako ya ukutani, picha tatu, kila moja MB 5. Mteja mwenye bando la kuungaunga ataskani, ataona kiduara kinazunguka, atafunga simu na kukuuliza, "Dada, leo kuna nini?" Umerudi pale pale, na sasa umemlia bando lake. Menyu ya mgahawa mdogo ni maandishi: wali maharage, wali kuku, ugali samaki, na bei zake. Maandishi hayo yenyewe ni KB chache tu. Ongeza picha mbili tatu zilizopunguzwa, basi. Njia rahisi ya kupunguza picha ni kuituma kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida, usiteue HD, kisha uihifadhi upya. Inarudi ikiwa nyepesi kwa mbali.

Mahali pa bure pa kuweka mambo yako:

- Katalogi ya WhatsApp Business, yenye picha, majina na bei. Hii ndiyo ninayowashauri wengi waanze nayo, kwa sababu mteja akipenda kitu anaagiza palepale.
- Google Sites, ukitaka ukurasa wako wa menyu au orodha ya bei. Unaweza kubadilisha bei kila asubuhi na anwani ya ukurasa ikabaki ile ile.
- Wasifu wa biashara kwenye Google, kwa ajili ya maoni. Ukishasajili eneo lako, Google wenyewe wanakupa linki ya kuomba maoni. Usimuahidi mteja soda au punguzo ili akuandikie nyota tano. Google wanakataza, na maoni ya namna hiyo yanaweza kufutwa.

Onyo kuhusu Google Drive. Watu hupandisha PDF ya menyu, wananakili linki, wanaprinti, na kwenye simu yao inafunguka vizuri. Inafunguka kwa sababu ni wao. Mteja anakutana na ukurasa unaomwambia aombe ruhusa. Badilisha mpangilio ili yeyote mwenye linki aweze kuona, kisha jaribu kwenye simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yako.

Kama unataka fomu ya kukusanya majina na namba za wateja, fikiri mara mbili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Usichukue taarifa usiyoihitaji, na usimpe mtu mwingine namba za wateja wako.

3. Andika linki sahihi, tena fupi. Linki ya WhatsApp inaandikwa hivi:

https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%20naomba%20menyu%20ya%20leo

Anza na 255 (Kenya ni 254), bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiandika 07 haitafanya kazi. Sehemu ya baada ya "text=" ni ujumbe utakaokuwa umeshaandikwa mteja akifungua, na kila nafasi kati ya maneno inaandikwa %20.

Hapo kwenye ujumbe kuna faida ambayo wengi hawaitumii. Tengeneza linki mbili: moja iseme "Habari, nipo mezani" na nyingine iseme "Habari, nimeona dirishani". Baada ya wiki mbili utafungua WhatsApp na kujua ni bango lipi linaleta watu, bila kulipia programu yoyote ya kuhesabu.

Kuhusu ufupi: kadiri linki inavyokuwa ndefu ndivyo vijiraba vinavyoongezeka. Msimbo mdogo kabisa una vijiraba 21 kwa 21, na mkubwa kabisa 177 kwa 177. Vijiraba vikiwa vingi kwenye karatasi ndogo, simu ya kamera hafifu haioni kitu. Linki ikiwa na mkia mrefu wa herufi uliotokana na Facebook au matangazo, ukate, kisha uhakikishe bado inafunguka.

4. Tengeneza msimbo. Hii ndiyo hatua fupi kuliko zote, ingawa ndiyo inayoulizwa sana. Fungua ukurasa wako kwenye Chrome, bonyeza sehemu ya kushiriki, chagua kutengeneza msimbo wa QR. Utaona kidude cha dinosaria katikati, hakina madhara. Canva pia inatengeneza ndani ya bango unalolichora. WhatsApp Business ina msimbo wake tayari kwenye mipangilio.

Sasa lile la ada. Kuna misimbo ya aina mbili. Ya kwanza ina anwani yako mwenyewe ndani ya mchoro. Haiwezi kuzimika maadamu ukurasa wako upo. Ya pili ina anwani ya tovuti iliyoutengeneza, na tovuti hiyo ndiyo inayompeleka mteja kwako. Uzuri wa aina ya pili ni kwamba unaweza kubadilisha mwelekeo bila kuprinti upya, na unahesabiwa walioskani. Ubaya wake ni kwamba ukiacha kulipa, au siku za majaribio zikiisha, mabango yako yote yanakufa kwa mpigo. Kuitambua ni rahisi: skani, soma anwani inayotokea kabla hujaibonyeza. Ukiona jina la tovuti ngeni badala ya la kwako, la WhatsApp au la Google, umepewa aina ya pili. Kwa biashara ndogo chukua ya kwanza, na kinachobadilika kiwe yaliyomo kwenye ukurasa.

Ukiulizwa kiwango cha kusahihisha makosa, kuna L, M, Q na H. Maana yake ni kiasi cha mchoro kinachoweza kuharibika na msimbo ukaendelea kusomeka: takriban asilimia 7, 15, 25 na 30. M inatosha kwa karatasi ya ndani. Jikoni kwenye mafuta na moshi, au ukitaka kuweka nembo katikati, chagua Q au H. Nembo yenyewe iwe ndogo.

Rangi: vijiraba vyeusi au vya rangi iliyokolea, juu ya nyeupe. Usigeuze ikawa nyeupe juu ya nyeusi. Baadhi ya simu hazisomi. Njano juu ya nyeupe isahau. Na uache ukingo mweupe kuzunguka mchoro, upana wa vijiraba vinne kila upande. Mafundi wa mabango hupenda kuukata ukingo huo ili mchoro ujae fremu. Mwambie auache.

5. Andika maneno juu na namba chini. "Skani hapa" haimwambii mteja kitu. Andika anachopata: "Skani uone menyu na bei za leo." "Skani uweke miadi ya kusuka." "Skani utume vipimo vya sare." Chini ya msimbo andika namba ya simu au anwani fupi kwa herufi zinazosomeka. Anayetumia kitochi, aliyeishiwa bando, mzee ambaye macho hayaoni vizuri, wote ni wateja wako. Menyu ya karatasi nayo ibaki mezani. Mtu mwenye njaa asilazimishwe kutafuta intaneti ndipo ajue bei ya chapati.

6. Pima ukubwa, kisha uprinti. Chukua umbali ambao mteja atakuwa amesimama, gawanya kwa kumi. Mezani, sentimita 30, msimbo uwe angalau sentimita 3. Ukutani, mita 1.5, uwe sentimita 15. Dirishani kwa mpita njia wa mita 3, sentimita 30. Linki yako ikiwa ndefu, ongeza kidogo.

Usimtumie mtu wa stesheneri msimbo kama picha ya WhatsApp. Ule upunguzaji uliokusaidia kwenye picha za chakula hapa unakuharibia kazi, kingo zinakuwa na ukungu. Tuma kama dokumenti, na ikiwezekana liwe faili la PDF au SVG, maana hilo linakuzwa bila kuchakaa. Laminesheni ya kung'aa chini ya taa ni kioo kitupu, omba isiyong'aa. Nje kwenye jua, lipia stika ya plastiki, kwa sababu karatasi ya kawaida hupauka na weusi kugeuka kijivu.

7. Jaribu nakala moja kabla ya kuprinti ishirini. Simu tatu tofauti. Mchana na usiku taa zikiwa zimewashwa. Umbali wa kweli wa mteja. Ukiwa kwenye data ya simu, siyo Wi-Fi ya dukani. Na usiishie kuona linki imetokea. Fungua, soma, agiza kama mteja mpaka mwisho.

8. Bandika pale mteja anapokuwa na muda. Saluni ina bahati hapa: mteja anayesukwa amekaa kitini saa nzima na zaidi, simu mkononi. Bandika kwenye kioo mbele yake, usawa wa macho akiwa ameketi. Mgahawani ni mezani, kwenye kibao kilichosimama. Dukani ni kaunta, pale anaposubiri chenji. Nyuma ya bajaji au daladala usihangaike, gari linaondoka kabla kamera haijatulia. Hapo andika namba ya simu kwa herufi kubwa. Chupa na vikopo vyembamba pia vinasumbua kwa sababu mchoro unapinda. Na usibandike kona isiyoshika mtandao.

Kama uko Tanzania na unatoa risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), ile QR iliyo chini ya risiti ni ya kuihakiki risiti hiyo kwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Usibandike stika yako juu yake.

9. Waeleze wafanyakazi. Mhudumu ambaye hajawahi kuskani mwenyewe atamwambia mteja, "Hiyo wameweka tu." Mpe simu askani. Mpe na maneno: "Karibu mama, menyu hii hapa. Ukipenda kuona picha za vyakula, skani hapo mezani." Kwanza menyu mkononi, ndipo msimbo.

10. Kagua kila asubuhi unapofungua. Pitisha ukucha kwenye kingo za kila msimbo, uone kama kuna stika imebandikwa juu. Kisha skani mmoja. Utapeli huu upo kweli: Januari 2022, polisi wa Austin, Texas, walikuta stika za QR za uongo kwenye mashine za kulipia maegesho, zikiwapeleka madereva kwenye tovuti ya wezi. Kaunta yako ni rahisi zaidi kuchezewa kuliko mashine ya mji. Msimbo wa malipo uweke ndani ya fremu au upande wako wa kaunta, siyo nje ya mlango.

Msimbo wa malipo uushike kivyake

Huu usiutengeneze mwenyewe. Unatolewa na benki au kampuni ya simu ulikosajili biashara. Tanzania kuna TANQR, mfumo wa pamoja chini ya Benki Kuu, na Kenya Benki Kuu ilizindua kiwango cha KE-QR mwaka 2023. Lengo la yote miwili ni mteja wa mtandao mmoja aweze kumlipa mfanyabiashara wa mtandao mwingine. Ukitaka nakala zaidi, omba faili halisi.

Mteja anapaswa kuuskani akiwa ndani ya programu yake ya malipo au ya benki. Akitumia kamera ya kawaida ataona mlolongo wa tarakimu unaoanza na 000201 na atadhani msimbo umeharibika. Andika hivyo kwenye bango: "Fungua programu yako ya malipo, kisha skani." Pembeni andika Lipa Namba kwa tarakimu kubwa, kwa sababu wengi bado watalipa kwa *150*00# au menyu ya mtandao wao. Andika pia jina litakalotokea kwenye simu yao, herufi kwa herufi. Mteja akiona jina jingine, asimame hapo.

Usiamini picha ya muamala kwenye simu ya mteja. Subiri ujumbe uingie kwenye simu ya biashara, au angalia salio kwenye programu yako. Picha za kughushi ni rahisi kutengeneza.

Na hili naomba ulishike wewe na kila unayemwachia duka: hakuna anayeskani ili kupokea hela. Kuskani ni kulipa. Mtu akikutumia msimbo akisema uuskani fedha zako ziingie, anataka kukuibia. Vivyo hivyo, mtu akikuomba uskani msimbo kupitia WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ukikubali ataingia kwenye WhatsApp ya biashara yako na kuwaandikia wateja wote kwa jina lako.

Ikigoma

*Kamera haioni kabisa.* Simu za zamani hazisomi QR kwa kamera ya kawaida. Mteja ajaribu Google Lens. Kama simu zote zinashindwa, tatizo ni lako: ukingo mweupe umekatwa, mwanga unaakisi, au msimbo ni mdogo. Mwambie asogee nyuma kidogo pia. Watu hukaribiza simu mpaka kamera inashindwa kulenga.

*Inasoma, lakini ukurasa haufunguki.* Jaribu kwa data ya mtandao mwingine. Ikigoma kote, umekosea herufi kwenye linki au umeufuta ukurasa.

*WhatsApp inasema namba haipo.* Umeweka 0 au umesahau 255.

*Wi-Fi haiunganishi.* Msimbo wa Wi-Fi una muundo wake: WIFI:T:WPA;S:JinaLaMtandao;P:nenosiri;; Herufi kubwa na ndogo zinahesabika. Ukibadilisha nenosiri, lazima uprinti msimbo mpya. Wape wageni mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao, usiwaingize kwenye ule wa kompyuta ya mauzo.

*Bei kwenye ukurasa ni za zamani.* Mteja ameona wali kuku 4,000, wewe unadai 5,000. Mtoze ile ya 4,000 aliyoiona, kisha rekebisha ukurasa kabla hajafika mwingine. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, kwa jina, kila asubuhi kabla ya saa nne.

*Unafunguka vizuri, ila hakuna anayeskani.* Keti kwenye kiti cha mteja kwa dakika tano. Je, unauona? Je, maneno yanakuambia utapata nini? Je, ukimuuliza mhudumu unajibiwa haraka kuliko kuskani? Kama jibu la hili la mwisho ni ndiyo, msimbo huo hauna kazi hapo. Uondoe mezani, uuweke kwenye mfuko wa kufungashia chakula au kwenye risiti yako ya mkono, ambako mteja akiwa nyumbani na njaa ya kesho hana mhudumu wa kumuuliza.